Kahawa Uliianzia Kwangu

Mkonze, jioni

Sechelela mwanangu,

Sikuulizi hali, maana asubuhi nimekuona mzima, umekunywa uji nusu bakuli ukasema umeshiba, ukapanda gari kwenda Buigiri kumuaga bibi yako. Utarudi jua likizama, na kesho alfajiri basi linakuchukua kwenda chuoni Moshi. Kwa hiyo muda wangu wa kuandika ndio huu, karanga zikiwa jikoni. Ukiona mahali wino umekauka halafu umeanza upya, ujue niliinuka kuzigeuza zisiungue. Mimi niliishia darasa la saba, na tangu hapo nimeandika majina ya watu kwenye magunia tu, basi herufi ikitoka nje ya mstari usiicheke sana.

Habari za sweta, za kufuli la begi, za kutopokea vya kula kwa watu usiowajua njiani, tumezizungumza wiki nzima mpaka umechoka kuitika "ndiyo mama." Humu hazimo. Humu nimeweka jibu. Mwezi ule wa mitihani uliniuliza swali, nami sikulijibu, nikakugeuzia mgongo nikajifanya naosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Ulisema, "Mama, unanikataza kahawa kila siku, kwani wewe unaijuaje?"

Naijua. Na kabla sijakueleza ninavyoijua, niandike na jambo la pili lisije likanikaba katikati ya barua. Nina wivu. Namwonea wivu mke wa baba yako.

Nimekaa nikalitazama hilo neno hapo juu. Nilidhani nikiliandika litanuka. Halinuki.

Ulipokwenda Moshi likizo ile ya Juni ni mimi niliyekupeleka stendi, na ni mimi niliyesema nenda ukamjue baba yako. Mimi na yeye tuliachana kwa mambo ya ujana, hakuna aliyemtukana mwenzake, na ada yako hakuwahi kuikosesha. Sikuwa na sababu ya kukuzuia. Ukaenda, ukarudi na mashavu, na mfuko wa kahawa, na habari. Habari zote zikawa za Mama Elia, huyo mke wake. Mama mdogo anaikaanga kahawa mwenyewe kwenye chungu mpaka inatoa jasho la mafuta. Mama mdogo anaitwanga kwenye kinu. Mama mdogo anaamka kabla ya watu wote, anakugongea dirisha taratibu, mnakaa wawili jikoni, migomba inadondosha umande nje, anakumiminia, mnaongea.

Nikauliza, "Mnaongea nini?"

Ukasema, "Aa, mambo tu, mama."

Mambo tu. Mwanangu, mimi na wewe tumelala kitanda kimoja mpaka ulipofika darasa la tano, na hayo mambo tu sijawahi kuyapata. Asubuhi zetu zilikuwa za amka, ndoo iko wapi, utachapwa wewe. Nilikuwa nakuita, nakuita tena, navuta shuka, unashika upande wa pili unavuta na wewe, mpaka jirani anauliza huko kwenu mnagombana? Nililalamika sana juu ya kazi hiyo ya kukuamsha. Sasa umerudi unaamka mwenyewe, kabla yangu, unachemsha kahawa kwenye sufuria yangu ya maziwa, harufu yake inafika mpaka kwa watu, nami nimelala nasikia kijiko kinagonga kikombe. Hata kazi niliyoilalamikia imenyang'anywa.

Ndipo nikasema, "Acha hicho kitu, kitakuharibu moyo." Maneno yalikuwa ya afya, ila aliyeyasukuma alikuwa wivu.

Na kuna siku moja sikukwambia. Niko uani naanua nguo, nikasikia sauti yako ndani, "Haya mama, usiku mwema mama." Nikaitika. Nimeitika kwa sauti kabisa, "Eee mwanangu, nawe pia." Halafu nikachungulia, nikakuona umeshika simu sikioni. Mwezi wa sita Mama Elia alikuwa mama mdogo. Sasa hilo neno mdogo limedondoka njiani, na wewe hukuliona likidondoka. Nikabaki na shuka ambalo bado halijakauka mikononi, nikalikunja hivyohivyo bichi.

Sasa nikueleze ninavyoijua kahawa.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, walipokuwa wanajenga yale majengo ya chuo kikuu kule mlimani. Nilikuwa namsaidia kazi dada mmoja aitwaye Mwajuma, Mrangi wa Busi, mwenye banda la chakula chini ya mlima. Tulikuwa tukiwasha moto kukiwa bado giza. Yeye anapika, mimi naosha vyombo, nachota maji, na ikifika saa sita nabeba sahani kichwani kuwapelekea mafundi juu. Baba yako alikuwa mmoja wa mafundi hao, na wewe ulikuwa umeshaanza safari yako tumboni, ingawa nilikuwa bado nadhani ni malaria.

Pale palikuwa na muuza kahawa, Bakari, ana birika lenye mkaa chini yake na vikombe vidogo anavyoviliza mkononi, utamsikia kabla hujamwona. Mafundi walikuwa wakisema kahawa yake inatia nguvu. Asubuhi moja nilikuwa nasinzia nimesimama, Bakari akanipa kikombe cha bure.

Nilikipokea kwa mikono miwili kama kata ya togwa. Nikakitazama. Cheusi, chepesi, kinatikisika kama maji ya mvua. Nikamuuliza, "Kaka, umesahau kukoroga?"

"Nikoroge nini?"

"Unga."

Mwanangu, walicheka wale watu. Fundi mmoja aliweka karai chini akakaa juu yake. "Huyu Mgogo mleteeni kijiko," akasema. "Na mboga pembeni." Na baba yako alicheka pamoja nao, usimsafishe, alicheka mpaka machozi, kisha akaninunulia cha pili.

Ila usinicheke wewe. Kwetu kinywaji cha nguvu kina unga ndani yake. Uji wa uwele, togwa, hata ile pombe ya mtama ya marehemu babu yako ilikuwa nzito, ukiinamisha chombo inafikiria kwanza ndipo inakuja. Mtu akikwambia kinywaji hiki kina nguvu, unajua kuna nafaka iliyopukuchuliwa, ikasagwa, ikaingia humo. Basi nikaiamini kahawa kama ninavyouamini uji. Na kweli, dakika chache tu macho yakafunguka, miguu ikawa si yangu, nikapanda ule mlima na sahani kichwani kama nashuka. Nikajisemea, kumbe watu wa mjini wamepata uji usiohitaji kupikwa.

Nikaacha uji. Ndilo kosa lenyewe, mwanangu. Sikunywa kahawa pamoja na chakula, niliinywa badala ya chakula. Asubuhi kahawa, njaa ikanyamaza. Mchana nikila ugali wangu na mlenda, nasukumia na kahawa hapohapo. Jioni vyombo vikiwa vingi, kahawa. Bakari mwenyewe alinionya. Alikuwa na kashata kwenye kopo, akaniuliza, "Na cha kutafuna je, binti?"

"Sitaki."

"Kahawa bila cha kutafuna ni kumchapa punda ambaye hujampa majani. Atakwenda. Lakini mtazame akifika."

Nikadhani ni mbinu ya kuniuzia kashata. Sisi wa huku tukisikia mfanyabiashara anatoa mithali tunashika fundo la pesa. Nikamwambia punda wangu ni wa Dodoma, amezoea ukame. Akacheka, akanimiminia.

Ngoja nizigeuze karanga.

Ukazaliwa. Ulizaliwa mdogo, una kilio cha mtu mzima. Arobaini ilipoisha nikarudi bandani nikiwa nimekubeba mgongoni. Na hukulala. Sijui nikueleze vipi. Watoto wa wenzangu walikuwa wakinyonya wanalegea kama nguo, wewe ukimaliza kunyonya ndio kwanza macho yanafunguka, unatazama dari, mikono inarukaruka, unalia, unaacha, unalia. Nami nikiwa nimekesha nawe, asubuhi nafanya nini? Nakunywa kahawa nipate nguvu ya kukubeba. Halafu nakunyonyesha.

Umeshaelewa, wewe unayekwenda kusomea uuguzi. Mimi sikuelewa. Bibi yako alikuja kutoka Buigiri, akakutazama, akasema, "Huyu ana jicho la mtu." Alisali, kwa kuwa ni mtu wa kanisa, na baada ya kusali akakufunga uzi mweusi mkononi, kwa kuwa ni mtu wa Ugogo pia. Akaniuliza, "Hapo kazini nani hana mtoto?"

Aliyekuwa hana mtoto ni Mwajuma.

Nikaanza kumtazama. Mwajuma alikuwa anakupenda, akipita anakugusa kisogo, anakuita mchumba wake, anakutengea maji ya moto ya kuogea kabla hajatenga ya kwake. Yote hayo nikayageuza. Akikugusa nakufuta. Akija nakufunika khanga. Akisema "mlete nikusaidie, wewe kaoshe vyombo," najibu "amelala," na wewe macho wazi kama mjusi ukutani. Nikawa na hakika kuwa dada wa watu anakuonea wivu, anakunywa usingizi wako kwa macho. Kumbe anayekunywesha nilikuwa mimi.

Siku moja nikapanda mlima na sufuria la maharage kichwani, katikati ya njia dunia ikageuka. Niliamka nimelala kwenye kifusi, maharage yametapakaa, moyo unapiga kwenye masikio, mikono inatetemeka. Wewe nilikuwa nimekuacha chini bandani, Mungu alikuwa macho. Mwajuma alifunga banda mchana kweupe, watu hawajala, akakubeba wewe kifuani na mimi akanishika kwapa, tukaenda zahanati.

Nesi alikuwa mama mfupi, mwenye viatu vyeupe vilivyofuliwa mpaka vimechoka. Alinivuta jicho chini kwa kidole, akatazama ndani ya ukope, akamtazama Mwajuma, akanitazama.

"Unakula nini, binti?"

"Nakunywa kahawa."

"Nimekuuliza unakula."

Akauliza kahawa naitumia wakati gani, nikamwambia wakati wote. Akauliza mtoto analala? Nikasema halali, ana jicho la mtu. Hakunicheka. Alichukua kiti akakaa karibu kabisa, akasema polepole, kama mtu anayemsomea mwenzake barua. "Kahawa unayokunywa inapita kwenye maziwa. Ukinywa wewe, na yeye amekunywa. Wewe mwili wako unaweza kuitoa, huyu bado mchanga, inamkaa. Na ukiisukumia juu ya chakula, yale madini ya kuongeza damu yaliyomo kwenye mboga zako, mwili unashindwa kuyachukua vizuri. Damu imepungua. Sikwambii kahawa ni sumu, mimi mwenyewe nainywa. Ila haikulishi. Uchovu ni mtoto anayelia njaa, kahawa inamnyamazisha tu, haimpi titi."

Hapo ndipo nilipoijua kahawa, Seche. Na siku hiyohiyo, nikiwa na jicho langu moja bado linawasha kwa kile kidole, nilikutazama mikononi mwa Mwajuma nikatamani uje uwe mtu kama yule, anayefunua ukope wa mwenzake akaona kisichosemwa. Nilikuwa na miaka kumi na minane na damu haba, na nilitamani hivyo. Kesho safari ya huko inaanza.

Tukatoka. Mwajuma akatembea kimya mpaka tulipofika kwenye kivuli cha ukuta, akasema, "Kwa hiyo sikuwa mimi."

Nikasema, "Dada, sikuwahi kusema ni wewe."

"Hukusema. Ulikuwa unamfunika."

Yeye akakuweka vizuri begani, akasema, "Mimi nikimwonea mtu wivu ni wewe, si mtoto. Mtoto nampenda. Ninakuonea wivu wewe unayepewa kitu hiki halafu hujui kukishika." Kisha akacheka, akanisukuma kwa kiwiko. "Haya tembea, wewe mkoroga kahawa. Nyumbani unakunywa uji, nitasimama hapohapo mpaka nione sakafu ya bakuli."

Kuiacha haikuwa rahisi. Kichwa kiliniuma kama kimefungwa kamba, nikawa nasinzia na mkono ndani ya maji ya vyombo, nikamjibu kila mtu vibaya, mpaka Bakari akawa anapita upande wa pili wa banda asinitie majaribuni. Yakapita. Na usiku mmoja ukalala. Ulilala moja kwa moja, nami sikulala hata kidogo, nilikuwa naweka kiganja puani mwako kuona kama unapumua.

Sasa rudi kwenye mwezi ule wa mitihani. Unajua ninachotaka kusema.

Nilikukataza kahawa, ukaacha kuinywa mbele yangu. Nilidhani nimeshinda. Kumbe unasubiri nilale, unachemsha, unasoma mpaka alfajiri, na chakula nilichokufunikia nakikuta asubuhi kimefunikwa vilevile, nasema mtoto ana wasiwasi wa mtihani. Siku ile nikaamka kukupikia uji mapema, nikakukorogea karanga ndani yake, nikaubeba mpaka mlangoni kwako. Nikasikia unaongea chini chini. "Mama, moyo unanienda mbio. Mikono inatetemeka, hata kalamu siwezi kushika. Naogopa." Na sauti kwenye simu inasema, siyasikii maneno, nasikia tu jinsi inavyopanda na kushuka, ile sauti ya mtu anayembembeleza mtoto. Ukasema, "Ndiyo. Maji ninayo. Sijala, tangu mchana sijala."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwako nimeshika bakuli la uji.

Nikagonga, nikaingia, nikaliweka. Ukakata simu ukasema ulikuwa unaongea na rafiki. Ukaunywa uji wote, mbele yangu, rangi ikakurudia, nami nikakaa kando yako sikuuliza kitu. Ulidhani sikujua. Baadaye sana, matokeo yalipotoka na furaha imetulegeza sote, ukaniambia mwenyewe: "Nilitaka kukuita wewe. Ila ungesema si nilikukataza?"

Ni kweli ningesema.

Hilo ndilo lililonila, mwanangu, kuliko kikombe, kuliko kinu, kuliko migomba na umande wake. Kwamba ulikuwa na hofu ya kufa, mama yako yuko chumba cha pili, ukampigia mtu wa Moshi. Na njia ya kwenda kwake ni mimi niliyekufyekea, kwa kukukataza bila kukueleza. Ningekusimulia habari ya maharage kwenye kifusi ungecheka, ungekula, ungeniita. Badala yake nilimshika mtu mwingine nikasema jicho ni lake. Mara ya kwanza Mwajuma, mara ya pili Mama Elia. Hata kosa langu ni lilelile, nimelibadilishia nguo tu.

Kuna na hili hujui. Asubuhi ile Mama Elia alinipigia. Ndiyo, alinipigia mimi.

"Mama Seche, habari za huko?"

"Nzuri."

"Mtoto ameamkaje?"

"Ameamka."

"Nisamehe kuingilia. Anakunywa kahawa usiku, na tumbo tupu. Nimeona usipojua si vizuri."

Nikamwambia, "Si wewe uliyempa?"

Akasema, "Nilimpa ya asubuhi, mama. Na ndizi. Kwetu kahawa haiendi tumboni peke yake, mama mkwe wangu angenitoa jikoni."

"Huku hatuna ndizi," nikasema.

Mwanangu, ndivyo nilivyomjibu. Mtu amekosa usingizi kwa ajili ya mtoto wangu, namwambia huku hatuna ndizi. Akacheka, kicheko kizuri, hakina kisu ndani yake, na hicho nacho kikaniudhi. Nikamwambia simu inakwisha chaji, nikakata, na simu ilikuwa imejaa. Halafu nikakaa kwenye kigoda na mimi nikacheka, peke yangu, ila asije akajua.

Nimeulea huu wivu tangu wakati huo. Sitakudanganya kwamba umekwisha leo kwa kuwa nimeuandika. Kesho kutwa asubuhi atakugongea dirisha taratibu, nami huku nitaamka saa ileile kwa mazoea, nitaita "Seche!" na shuka halitavutwa. Utampa mambo tu. Atakuona umevaa sare ya chuo kabla sijaiona mimi. Nikiyawaza hayo naona moto hapa kifuani kuliko uliopo chini ya karanga.

Lakini ninalijua jambo moja ambalo yeye halijui, na ndilo ninalojipatia nalo usingizi. Yeye anadhani ndiye aliyekuonjesha kahawa kwanza. Siyo. Uliianzia kwangu, kifuani, hujaota jino. Ilikuharibia usingizi, sijivuni nayo, lakini ilikuwa yangu.

Basi sikukatazi tena. Utakwenda kwenye kazi ya kukesha, na wodi itakuwa na birika, na wenzako watasema inatia nguvu. Kunywa ukipenda, mwanangu, asubuhi, tumbo likiwa na kitu, na mboga zako zipe nafasi ya kushuka kabla hujazimwagia kahawa. Ukihisi moyo unakwenda mbio, ni mwili unaokuita, mwitikie. Na ukichoka, choka. Yule mama wa viatu vyeupe hakuuona ukope wangu kwa sababu alikuwa amekunywa sana, aliuona kwa sababu alikuwa amelala. Nami nipigie. Ukinywa usiku na mikono ikatetemeka, nipigie, sitasema nilikukataza. Nitakuuliza umekula nini tu. Ukitaka kumpigia yeye kwanza, mpigie yeye kwanza, yuko karibu. Halafu mimi. Nimejitahidi sana kuandika sentensi hiyo.

Karanga zimeiva. Ni zile za shamba la bibi yako, nyekundu ndogo, nimezipepeta maganda uani mpaka kuku wamekuja kunishangaa. Sasa nayeyusha sukari, nitazimwaga humo, nitazitandaza kwenye sinia nizikate zikiwa bado vuguvugu. Ni kashata. Bakari alinifundisha siku aliyohama, akasema, "Angalau ujue kumlisha punda." Utazikuta kwenye kopo la bluu, chini ya sweta lako, nimelifunga kwa kitambaa.

Si zako peke yako. Ukifika, msalimie Mama Elia shikamoo yako vizuri, umpe kopo kwa mikono miwili. Mwambie huku hatuna ndizi, lakini karanga tunazo. Ataelewa, na acheke akitaka. Asubuhi mkikaa jikoni na migomba yenu, liwekeni kopo katikati, hata mimi nikiwa sipo hapo mezani kuna changu mnachotafuna. Na zikiisha kopo lirudi, lisirudi tupu, anitilie kahawa yake kidogo, ile aliyoitwanga mwenyewe. Nataka kuionja. Nitainywa asubuhi, baada ya uji.

Nasikia gari limesimama barabarani. Ni wewe, natambua unavyofunga mlango. Niifiche hii barua ndani ya sweta lako kabla hujaingia na kuuliza nyumba inanukia nini.

Neno la mwisho basi. Atakapoonja atakuuliza, kashata hizi nani katengeneza? Usimwambie Mama Seche. Usimwambie mama wa Dodoma, wala mama mkubwa, wala usitafute maneno ya kumridhisha kila mtu. Sema, "Mama." Halafu unyamaze, mmiminie kahawa.

Ni mimi niliyekunyonyesha ya kwanza,
Mama